Watu ishirini, nyumba moja, mwenyeji hakuna: kisa cha likizo yetu Matema

Siku ya tatu ya likizo, saa kumi na moja jioni, binti wa kaka yangu mdogo alitoka ziwani akichuruzika maji, akapita moja kwa moja hadi jikoni. Ana miaka sita. Mama yake alikuwa ameinamia beseni, anaparua magamba ya magege.

"Mama, kwani wewe hujui kuogelea?"

"Najua."

"Sasa mbona huji?"

Wifi hakujibu. Aliendelea kuparua, magamba yanamrukia mikononi na shingoni. Mimi nilikuwa mlangoni, khanga imenilowa, mchanga mpaka magotini. Nilikuwa nimekuja kuuliza kama chai iko tayari.

Nimekiandika kisa hiki kwa sababu tangu siku ile kila ninayemsimulia ananipa maelezo yake ndani ya dakika moja, na karibu yote hayatoshi. Mmoja atasema wifi zangu wavivu, mwingine atasema mama yetu mkali, mwingine kwamba wanaume wa Kiafrika hawashiki sufuria. Nilikuwepo, daftari la michango lilikuwa mkononi mwangu, na mpango mzima niliupanga mimi. Kwa hiyo lawama nyingine zinanihusu.

Tulikuwa watu ishirini. Baba na Mama. Kaka yangu mkubwa, mkewe na watoto watatu. Kaka mdogo, mkewe na watoto wawili, mmoja bado ananyonya. Mimi na mume wangu na wetu wawili. Shangazi, dada yake Baba. Na familia moja ya marafiki kutoka Iringa, baba, mama na watoto wawili, ambao wamekuwa wakija kwetu sikukuu kwa miaka mingi kiasi kwamba watoto wanawaita mjomba na mama mdogo bila kufikiri. Ilikuwa Juni, shule zimefungwa. Tulikodi nyumba ya vyumba vitano kando ya Ziwa Nyasa, Alhamisi hadi Jumanne, kwa shilingi 150,000 kwa usiku. Kaya nne zenye kipato zilichangia 420,000 kila moja. Wazee na Shangazi hawakuchangia, na hilo halikuwa na mjadala.

Matema tuliichagua kwa sababu za kawaida. Iko ncha ya kaskazini kabisa ya ziwa, wilayani Kyela, mchanga wake ni mzuri, na Milima ya Livingstone inasimama pembeni kama ukuta uliopandishwa kutoka majini. Kuna sababu nyingine pia: wazee wetu wanaishi Tukuyu, na kutoka Tukuyu kwenda ziwani ni kuteremka tu. Anayeijua njia ile anajua raha yake. Mbeya mjini uko kwenye kimo cha mita kama 1,700 na asubuhi ya Juni unavaa sweta. Unapita Uyole, unapita mashamba ya chai na migomba ya Rungwe, masikio yanaziba na kuzibuka, halafu ghafla uko Kyela, joto limekukumba, kakao imeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara na harufu yake kama pombe changa. Ziwa liko mita zisizofika 500. Lami imefika hadi Matema, ukipinda kutoka Kikusya kupitia Ipinda, kwa hiyo hata Baba, ambaye mgongo wake haupendi safari, alifika akiwa anacheka.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa, ingawa sikukiona. Tulikuwa tumempeleka Baba likizo pamoja na wake wa wanawe, chini ya paa moja.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, inabidi nieleze. Zamani mke wa mtoto na baba mkwe wake, kwa Wanyakyusa, hawakukutana. Wakikaribiana njiani, mwanamke aliacha njia akajitenga kwenye majani mpaka mzee apite. Jina lake hakulitamka. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, tena nzito. Na makazi yenyewe yalijengwa kuitunza heshima hiyo: vijana wa kiume, tangu wakiwa wadogo wa miaka kumi hivi, waliacha kulala kwa baba zao, wakajenga mahali pao na marika wenzao, na baadaye wakaoa na kuleta wake zao hukohuko. Kijiji cha akina baba kule, kijiji cha wana huku. Watafiti waliokaa Rungwe miaka ya 1930 walivishangaa sana vijiji vya rika, wakaviandikia kurasa nyingi. Wazee hawakuona cha kushangaza. Mkamwana na baba mkwe wakae wapi tena?

Leo mambo yamelegea. Baba ni mwalimu mstaafu, anaongea na wakamwana wake, anawatania kidogo kwenye simu. Lakini kulegea si kwisha. Wifi zangu hawakai sebuleni akiwepo Baba isipokuwa wameitwa. Hawapiti mbele yake kichwa wazi. Kule Tukuyu hilo halimsumbui mtu, kwa sababu uwanja ni mkubwa, kuna nyumba ya mbele, jiko la nje, bustani, na kila mmoja ana mahali pa kuwa bila kumkera mwenzake. Wakienda Krismasi siku mbili, wanapika, wanaheshimika, wanarudi kwao Mbeya. Kazi ile ina mipaka na ina jina: wako ukweni.

Nyumba ya Matema ilikuwa na baraza moja kubwa linalotazama ziwa. Baba alikiona kiti cha kamba pale barazani Alhamisi jioni, akakikalia, na kwa siku tatu hakuhama ila kwenda kulala. Njia pekee ya kutoka ndani kwenda majini ilipita mbele ya kiti hicho.

Sasa fikiria mwanamke wa miaka 34 apite hapo akiwa amevaa nguo za kuogelea, au hata suruali na fulana iliyolowa inarudi imemganda mwilini. Mimi nilipita mara kumi kwa siku, kwa sababu ni baba yangu. Mke wa rafiki yetu wa Iringa alipita, kwa sababu ni mgeni. Wao wawili hawakupita hata mara moja. Walikuwa na mlango wa nyuma, nao uliishia jikoni.

Hakuna aliyewapeleka jikoni. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo watu wanapotaka kumwona Mama kama mama mkwe wa kwenye tamthilia. Mama hakuagiza kitu. Alhamisi usiku tulifika na njaa, mtu ilibidi awashe mkaa, na kwa kuwa wazee walikuwepo, wakamwana waliwasha. Ijumaa asubuhi mtu ilibidi apike uji wa Baba, ambaye anakunywa uji saa moja kamili kwa sababu ya dawa zake. Waliupika. Mchana wali wa Kyela na samaki, jioni ndizi na maharage, katikati chai mara mbili na watoto tisa wanaopita kuuliza kama kuna kitu cha kula. Kufika Ijumaa usiku ilikuwa imeshakuwa desturi, na desturi ya siku mbili ina nguvu sawa na ya miaka mia kama hakuna anayeihoji.

Mume wangu ni wa Tanga, na anapenda kupika. Ijumaa jioni aliingia jikoni, akashika kisu, akaanza kukata vitunguu. Hakumaliza kitunguu cha pili. Walimtoa kwa adabu lakini walimtoa: mkwe wa kiume akikutwa na mzee anamenya vitunguu, aibu itamwangukia nani? Si yeye. Kwa hiyo nasaha ya "wanaume wasaidie", ambayo ni nzuri na nyumbani kwangu inafanya kazi, pale ingewaongezea mzigo wale wanaotakiwa kupunguziwa. Wangekuwa na mapishi na pia na kazi ya kumficha msaidizi.

Jumamosi ndiyo iliyopasua jipu. Jumamosi ni siku ya gulio la vyungu pale Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema. Wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu upande wa Ikombe na vijiji vya ng'ambo chini ya milima, vinaletwa kwa mitumbwi, na wachuuzi wanakuja kuvichukua kupeleka Mbeya na mbali zaidi. Ni vyungu vyepesi kwa jinsi vilivyo vikubwa, rangi ya maziwa ya chai, vimepakwa michoro ya udongo mwekundu mabegani. Wifi mkubwa ndiye aliyekuwa akilitaja gulio hilo tangu tuko kwenye maandalizi. Mamaye alikuwa na chungu cha Kikisi cha kupikia mboga na kilivunjika. Alitaka kukichagua mwenyewe, akigonge kwa kidole asikilize mlio.

Tulikwenda mimi, Shangazi, Mama, mke wa rafiki na watoto wachache. Wifi wawili walibaki, kwa sababu chakula cha mchana cha Baba ni saa sita. Niliwanunulia chungu kila mmoja. Nilijiona mtu mwema.

Wakati huohuo, kaka mdogo na rafiki yetu wa Iringa walikodi boti kwenda Ikombe, watu tisa, watoto sita kati yao, wangu wawili wakiwemo. Maboya ya kuvaa yalikuwa matano. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sufuria. Lakini Juni ni msimu wa mwera, upepo wa kusini, na ziwa lile lina urefu unaopita kilomita 550 kutoka kusini hadi pale tulipokuwa. Mawimbi yanayoanzia kule chini yana safari yote hiyo ya kukua kabla ya kufika Matema, ambako ndiko mwisho wa njia. Saa saba walitakiwa kuwa wamerudi. Saa saba upepo ulikuwa unaangusha vikombe barazani. Nahodha, Mungu ambariki, alikataa kuondoka Ikombe mpaka upepo upungue, na mtandao wa simu haukupatikana. Walirudi saa kumi na nusu, wamechoka, wamelowa, wazima wote.

Nimejiuliza sana kwa nini hakuna aliyesema hapana asubuhi ile. Kaka mkubwa aliona maboya ni matano. Mimi nilisikia wanavyohesabu watu. Rafiki yetu alidhani kaka yangu anaijua boti, kwa kuwa ni wa kwao. Kaka yangu alidhani hawezi kumkatalia mgeni. Baba angekataza, ila hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kwenye nyumba ya kukodi Baba hakuwa na kauli ile aliyonayo kwake Tukuyu. Kwake, mtu akitaka kutoka na watoto anapita kumuaga, na kuaga huko ndiyo ruhusa.

Chakula cha mchana kilichopikwa kwa watu ishirini kililiwa na kumi na mmoja, kikapoa, na walioshinda njaa Ikombe walirudi wakitaka kula. Wifi walianza upya. Hapo ndipo nilipomkuta na magege kwenye beseni, binti yake akimuuliza kama hajui kuogelea.

Kikao cha usiku hakikuitishwa na mtu. Watoto walilala, Baba akaenda chumbani, wifi mdogo akaanza kukunja nguo za mtoto kwenye begi. Kaka mdogo akamuuliza anafanya nini. Akasema kesho asubuhi kuna basi dogo la kwenda Kyela. Hakupaza sauti. Aliongeza kitu kimoja tu: "Nyumbani nikipika najua nimepika kwangu. Tukuyu nikipika najua niko ukweni. Hapa nimelipa laki nne na ishirini, sijui niko kwa nani."

Mtu wa kwanza kufungua mdomo hakuwa ndugu. Alikuwa mke wa rafiki yetu. Kumbe kila usiku alikuwa anaamka kuosha masufuria kwa siri, kwa sababu mchana kila akishika chombo ananyang'anywa: "Wewe mgeni, kaa." Alisema amekaa mpaka kukaa kumemchosha. Akasema anaona aibu kula. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba upande wa pili wa kisa ulikuwa na maumivu yake.

Ule msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tunautumia kama mzaha, lakini ndani yake yumo mtu ambaye hatajwi: yule anayelitoa jembe. Jembe ni lake, shamba ni lake, anajua kazi iko wapi na nani afanye. Matema hatukuwa naye. Baba na Mama walijiona wageni wa watoto wao. Mimi nilijiona mgeni wa kaka zangu kwa kuwa wao wanaishi karibu. Kaka zangu walijiona wageni wangu kwa kuwa mpango ni wangu. Marafiki walikuwa wageni wa kila mtu. Kazi ya mwenyeji haikupotea kwa kukosa mwenyewe. Iliteremka kwa njia ya zamani kabisa, hadi kwa wawili ambao kila mila iliyokuwamo ndani ya nyumba ile iliwaelekezea, na ambao mila hiyohiyo iliwakataza kulalamika.

Na mimi, wifi yao, nilikuwa nanufaika. Wifi anapofika, mke wa kaka ndiye anayemtengea chakula. Niliitiwa chai siku tatu nikaona ni upendo.

Ufumbuzi ulitoka kwa Mama, asubuhi ya Jumapili, na ulinishangaza kwa kuwa haukugusa jikoni kwanza. Aliuliza kile kibanda cha pembeni, karibu na lango, kinakodishwa? Kilikuwa kinakodishwa, 40,000 kwa usiku. "Sisi wazee tutahamia kule," akasema. "Na wajukuu wanaotaka hadithi waje." Kiti cha kamba kilibebwa, Baba akafuata kiti chake. Kibanda kilitazama milima na kona ya ziwa, si ufukwe wetu. Saa mbili baadaye nilitambua alichokifanya: ametenganisha kijiji cha akina baba na kijiji cha wana. Sijui kama alikifikiria hivyo. Alipokuwa msichana aliwaona bibi zake wakiishi hivyo, na pengine mwili tu ulikumbuka.

Jambo la pili lilikuwa la kaka mkubwa, naye nampa haki yake. Alitafuta mama mmoja wa pale kijijini anayeuza chakula, wakapatana 15,000 kwa siku kwa kupika mchana na jioni. Nilipofungua daftari nikajumlisha kibanda siku mbili na mpishi siku mbili, nilipata 110,000. Kwa kaya nne ni 27,500 kila kaya. Niliitazama namba hiyo kwa muda. Ndiyo bei ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria kuilipa, kwa sababu kulikuwa na watu wawili wanaoifanya bure.

Si kila kitu kilifaulu. Tuliandika zamu kwenye karatasi, "mwenyeji wa siku", tukaibandika kwenye friji. Jumatatu ilikuwa zamu ya kaka mkubwa. Saa moja asubuhi alisikika chumbani akimuuliza mkewe sukari inawekwa wapi, saa moja na nusu mkewe ndiye aliyekuwa akipika uji. Shangazi naye alichukulia kibanda kuwa ni kufukuzwa. Mpaka leo akiitaja Matema anasema "kule mliponiweka langoni kama mlinzi". Mama ameshamweleza mara tatu. Na wifi mkubwa alikishukuru chungu, kwa dhati naamini, lakini alikigonga kwa kidole mbele yangu, akasikiliza, akasema kina ufa mdogo karibu na mdomo. Kweli kilikuwa nao.

Jumapili alasiri waliingia majini wote wawili. Wifi mdogo anaogelea vizuri kuliko sisi sote. Alikulia Itungi, karibu na bandari, jambo ambalo nimeishi naye kwenye ukoo miaka minane bila kulijua. Alimchukua bintiye mgongoni wakaenda mpaka pale ambapo maji yanabadilika rangi.

Limebaki jambo moja ambalo lilikuwa kazi ya mwenyeji na halikufanywa na mtu. Ziwa Nyasa lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kuingia mwilini kupitia ngozi, na huwa vingi zaidi majini jua likiwa kali, yaani saa zilezile ambazo watoto wetu walikuwa wanacheza kwenye maji ya kina kifupi. Nililifahamu hilo tangu shuleni, kama kila Mtanzania aliyesoma sayansi ya darasa la tano, na halikunijia kichwani mpaka nimerudi Dar es Salaam. Daktari alitushauri tusikimbilie dawa papo hapo: prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, wachanga huwakosa, kwa hiyo tusubiri wiki sita hadi nane ndipo tupime na kumeza.

Agosti, kwenye harusi ya binamu Mbeya, tulikuwa pamoja tena, na tukaenda zahanati kwa mkupuo mmoja kama darasa. Dozi hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo. Mimi na wifi mdogo tulipanda mzani mmoja baada ya mwingine; wote tulikuwa kilo 60 na kidogo. Muuguzi alituhesabia vidonge vya miligramu 600, vinne vinne.

Wifi alivitazama kiganjani mwake, kisha akavitazama vyangu.

"Wewe uliogelea siku tano," akasema. "Mimi siku moja na nusu."